Kabla Mate Hayajakauka

Mofu, 12 Mei 1996

Mwanangu Digna,

Mama yako nipo, nakula na nalala, ila goti la kushoto linaongea kuliko mimi. Mpunga wa kwanza tumeanza kuukata. Ndege wametuonea mwaka huu, lakini tumebakiwa na kitu. Wewe je? Kifua bado kinakubana na baridi ya huko Makambako? Sweta unaivaa au umeiweka tu kwenye sanduku?

Kassian wa mchele alifika jana akanipa bahasha. Nikasema, leo Digna ameandika. Nikanawa mikono kwanza maana nilikuwa natoka kupura. Nimefungua, kumbe si barua, ni kadi. Ina maua ya dhahabu pembeni na karatasi yake inateleza kama kambale. Nimeisoma mwenyewe. Unajua mama yako niliishia darasa la pili, kuandika nimekuja kukujua ukubwani kwenye elimu ya watu wazima, kwa hiyo nilisoma polepole, na nilipomaliza nikarudia, nikidhani nimeruka mstari. Inasema Familia ya Bibi Merina inayo furaha kumwalika Bibi Tekla kwenye send-off ya binti yao mpendwa Digna, Jumamosi tarehe 27 Julai. Chini kabisa pameandikwa Singo. Nikamwuliza Kassian singo ndiyo nini, akasema maana yake uende peke yako, usibebe mtu. Nikamwambia, kwani ningembeba nani?

Usinielewe vibaya mwanangu. Sigombani na shangazi yako. Wifi Merina alikuchukua ukiwa na miaka minane, akakulea, akakusomesha, leo unaitwa mwalimu. Mdomo wangu kwake ni wa kushukuru tu. Nauliza mambo mawili basi. La kwanza, hilo neno la kwenye kadi ni Kiingereza, na Kiingereza ndicho unachofundisha. Huku wanasema sendofu, wengine wanadhani ni chakula. Maana yake hasa ni nini? Mtu akialikwa lazima ajue anaitwa kwenda kufanya nini. La pili, kuna kiti cha mama pale mbele. Nilikiona kwenye ya binti wa katekista, Ifakara. Mama anakaa, akiitwa anasimama, anamshika binti mkono anamkabidhi kwa wakwe na kusema maneno yake. Siku hiyo kitakaliwa na nani?

Jeremia msalimie. Mwambie ng'ombe wa baba yake mzee Makoye wamepita tena kwenye mpunga wa watu huku mtoni. Walianza na mpunga, sasa wanachukua na mtoto. Namtania. Ni kijana mzuri, alipokuja Pasaka alikula kambale mpaka kichwa.

Nijibu upesi, nisikae na maswali.

Mama yako,
Tekla


Makambako, 26 Mei 1996

Shikamoo Mama,

Pole na goti, pole na ndege. Kifua changu kimetulia na sweta naivaa, hata sasa hivi ninapoandika ninayo.

Umeuliza neno. Hilo naliweza. "Send" ni kutuma, na ni kupeleka pia, Waingereza hawatenganishi. Barua, mtoto, askari, mshahara, salamu, vyote kwao ni neno hilo moja. Wakitaka kumwita daktari aliye mbali wanalitumia hilo hilo na kuongeza kineno nyuma. Wakitaka kumfukuza mtu wanaongeza kineno kingine. Hicho cha kwenye kadi ndicho cha kuagana: mtu anaondoka, nyie mnabaki mnampungia.

Chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja mzee, kamusi yake nene ilishatoka jalada anaifunga kwa mpira wa baiskeli. Alitusomea kwamba neno hilo ni la kale sana, kabla Waingereza hawajaitwa Waingereza, na shina lake lilihusu njia, lilihusu safari. Yaani kutuma ni kumfanya mtu ashike njia. Hata mjumbe na ujumbe wake vilipata jina hapo hapo. Na wazee wao wakiomba, walisema Mungu atume mvua, kwa neno hilo hilo. Wiki iliyopita nililifundisha darasa la saba. Binti mmoja akaniuliza, sasa mwalimu, Mwingereza akisema ametuma mtoto, utajuaje kama atarudi? Nikamwambia akae chini.

Kuhusu kiti, Mama, shangazi na kamati wameshapanga kila kitu na mimi siulizwi, mwali haulizwi. Utakaa mahali pazuri karibu na jukwaa, utaniona vizuri.

Jeremia anasema ng'ombe wamesikia na wanaomba radhi.

Wako mtiifu,
Digna


Mofu, 9 Juni 1996

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Kiingereza kinategemea mkia kama ng'ombe, ukikata mkia hujui ameenda wapi. Nimecheka. Ila swali la huyo binti wa darasa la saba halikuwa la kumwambia akae chini. Mimi ningemwambia njoo hapa mbele, mwanangu, uulize tena.

Maana sisi tunatenganisha. Ukimtuma mtu unamsubiri. Ukimpeleka umempeleka, huna cha kusubiri. Mama yangu akinituma chumvi alikuwa anatema mate chini, anasema, nenda, mate yasikauke. Ukirudi ukakuta bado yana unyevu unasifiwa mpaka jioni. Na mimi niliwatuma hivyo wewe na mdogo wako Vitus. Tangu Vitus alipotutoka sijamtuma mtoto tena, wa kwangu wala wa jirani. Chumvi nafuata mwenyewe, maji mwenyewe, watu wanacheka, wanasema Mama Digna anajitia kijana na goti lake bovu. Waache wacheke.

Sasa nikawaza. Siku ile ya treni, nilipokupandisha na shangazi yako pale stesheni ya Ifakara, mimi nilikutuma au nilikupeleka? Mwingereza angesema ni mamoja. Kwangu si mamoja.

Wiki iliyopita mkwe wangu Mbuke, mama yake Jeremia, alinitembelea. Ametembea tangu kwenye maboma yao na kibuyu cha maziwa mgando kichwani. Ni mwanamke wa maneno machache lakini yana miiba. Kaniuliza, "Mkwe, siku hiyo tutampokea binti kutoka mkono wa nani?" Nikasema wa shangazi yake. Akanitazama. Akasema, "Kwetu ng'ombe anatolewa na mwenye zizi." Nikamwambia Digna si ng'ombe. Akasema, "Ndiyo maana nauliza."

Nikanywa maziwa.

Digna, umenijibu neno la Kiingereza ukurasa mzima, na kiti umekijibu mistari miwili. Nimekulea miaka minane tu lakini nakujua ukificha kitu, unakuwa mwalimu. Je, unanionea haya mbele ya watu? Au ulinichukia kwa kukupandisha treni ile? Niambie tu, sitakufa. Mambo makubwa zaidi ya hayo hayakuniua.

Mama yako,
Tekla


Makambako, 16 Juni 1996

Kwa wifi Tekla,

Salamu. Digna hajui kama nakuandikia na sitaki ajue, ana mitihani ya kusahihisha na harusi kichwani.

Nimeiona barua yako mezani. Sikuifungua, ilikuwa wazi. Unamwuliza mtoto kuhusu kiti. Wifi, kama una swali la kiti niulize mimi niliyemlea, usimlize yeye.

Wewe unajua na mimi najua. Siku ya kumaliza matanga ya Vitus, wazee waliuliza mbele ya ukoo mzima, nani alimtuma mtoto wa miaka mitano avuke mkono wa mto katika masika. Ukajibu kwa mdomo wako, mimi. Kaka yangu Kelestini alikaa kimya, akaendelea kuwa kimya mpaka anaingia kaburini. Ni kwa neno lako hilo wazee walisema nimchukue Digna, maana kwako mtoto hayuko salama. Sikumwomba. Nilipewa. Na nilimpokea amekonda kama fito, hasemi, ukimwita jina anaruka. Mwaka mzima alilala na mimi kitanda kimoja nikimshika mguu asikimbie usingizini.

Sasa wewe mwenyewe pima. Mkono uliomtuma mtoto majini ndio umshike bibi harusi kumpeleka kwa watu? Watu wa Mofu wanaokuja wanakumbuka. Wataninong'onea mimi, na watamnong'onea Digna. Njoo ule, ushangilie, ucheze ukitaka. Kiti ni changu.

Ni mimi wifi yako,
Merina


Mofu, 23 Juni 1996

Mwanangu Digna,

Hii ni fupi. Nimewaza, nimeona nisije. Goti hili halitaweza kukaa kwenye treni mpaka Makambako. Usiku linawaka moto. Nimempa Kassian mchele wa mpunga mpya, nimeutwanga mwenyewe, ni magunia mawili, wageni wale washibe. Pia kuna kitenge cha bluu, ni cha shangazi yako, avae siku hiyo, kitampendeza akiwa amekaa mbele.

Usilie. Usimwulize mtu chochote. Maswali yangu ya barua ile yafute, mzee akikaa peke yake anawaza mengi.

Mbuke anasema atakuja kwa niaba ya macho yangu.

Mama


Makambako, 30 Juni 1996

Shikamoo Mama,

Goti lako limezidi kuuma siku ngapi baada ya barua ya shangazi? Ameniambia mwenyewe. Nilimkuta amekishika kitenge chako cha bluu anakikunjua na kukikunja, nikamwuliza, ndipo akasema, "Nilimwandikia ukweli, basi."

Ukweli. Mama, nina neno nimelikalia miaka ishirini. Nimeshaandika barua hii na kuichana mara tatu. Hii siichani.

Siku ile hukumtuma Vitus. Ulinituma mimi.

Ulikuwa juu ya dungu, unapiga debe kufukuza ndege. Moto ulikuwa umezimika chini ya chungu na kiberiti hakuna. Ukainama, ukatema mate kwenye ubao wa ngazi, ukasema, "Digna, kalete moto ng'ambo kwa Anselim, mate yasikauke." Nikaitika. Nilikuwa nimekaa kwenye mabua nasuka mwanasesere na nilikuwa nimefika kwenye nywele. Vitus alikuwa pembeni. Nikampa kile kigae cha kubebea makaa, nikamwambia, "Mama amesema uende wewe."

Watoto wote wa pale walikuwa wanafanya hivyo, mkubwa akitumwa anamtuma mdogo. Mimi pia nilishatumwa hivyo na wakubwa. Lakini sikusema nenda kwa niaba yangu. Nilisema Mama amesema.

Alifurahi, Mama. Hakuna aliyewahi kumtuma peke yake. Alishika kigae kwa mikono miwili kana kwamba tayari kina moto, akaenda anaruka na lile shati la njano.

Mimi nikamaliza nywele za mwanasesere. Halafu nikapanda vidato viwili vya ngazi, nikawa natazama mate yako kwenye ubao. Jua lilikuwa kali. Nikayatazama yakipungua kutoka pembeni kuja katikati, mpaka kikabaki kidoa, mpaka hakuna. Hapo ndipo nikasikia watu wa ng'ambo wanapiga kelele.

Wahenga wanasema mjumbe hauawi. Nani aliwadanganya?

Ulipowaambia wazee "mimi", nilikuwa nyuma ya mlango. Nikajua hujui. Nikajua pia kwamba nikisema utanichukia, na nisiposema utabeba wewe. Nikanyamaza. Wiki iliyofuata ukanipandisha treni, nami nikasema moyoni, ameona usoni kwangu, ananiondoa. Ndiyo maana likizo nilikuwa silali Mofu zaidi ya siku tatu. Si haya, Mama. Si chuki. Nilikuwa siwezi kukaa nyumba moja na wewe ukienda mwenyewe kufuata chumvi.

Na ndiyo maana shangazi alipoandika jina lake kwenye kadi nilishindwa kusema kitu. Ningesema ni nini? Kwamba mwenye haki ya kiti amenyang'anywa kwa kosa langu?

Sasa unajua. Amua utakavyo. Ukitaka nisikuandikie tena nitaelewa.

Digna


Mofu, 7 Julai 1996

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Barua yako nimeisomea shambani, nikarudi nayo nyumbani, nikasahau mundu shambani. Sikia.

Nilijua.

Nilijua siku ile ile. Nilikutuma wewe kwa jina lako, halafu juu ya dungu nikaona shati la njano linakwenda njia ya mtoni. Nikawaza, huyu Digna amemtuma mdogo wake, nikishuka nitamfinya. Hayo tu ndiyo niliyowaza. Nilimwona Vitus anafika kwenye gogo la kuvukia. Nikafungua mdomo nimwite arudi. Hapo hapo kwelea wakashuka kwenye mpunga, kundi kama moshi, nikageuka nikapiga debe. Nilipiga debe, Digna. Nilipogeuka tena gogo lilikuwa tupu, nikasema ameshavuka, mtoto ana mbio.

Kwa hiyo wazee walipouliza nani, nilipojibu mimi sikuwa nasema uongo wote. Mtu mzima aliyeona ni mimi. Mtoto wa miaka minane anajua nini kuhusu gogo lililolowa? Lakini nilikuona pale nyuma ya mlango, niliona vidole vyako. Nikajua nikisema jina lako litakushika. Ukoo ukishampa mtoto wa kike jina, halimtoki. Ungeolewa na nani hapa? Nani angekutuma hata maji? Wangesema yule ndiye aliyemwua nduguye. Mimi nilishakuwa mtu mzima, jina baya linanienea kama gauni. Wewe lingekuburuza.

Na treni. Ulikuwa husemi. Nikisema Digna, unaruka. Niliona nikikaa na wewe, siku moja nitakutazama vibaya bila kukusudia na utaliona. Nikatafuta mahali pasipo na mto, kwa mtu anayekupenda na asiyejua. Merina alikuwa hajui. Ndiyo sifa yake kubwa iliyonifanya nikubali. Chuki yote aliimwaga kwangu, kwako hakubakisha hata punje. Nilikuwa naona kila mwaka unanenepa, unavaa viatu, nikasema dawa inafanya kazi.

Nilidhani umesahau. Watoto husahau. Miaka ishirini nilikuwa nafurahi kwamba umesahau, kumbe kila mtu amekaa na lake, mmoja bondeni, mmoja milimani.

Sasa nakuomba kama mama. Neno hili lifie hapa. Merina asijue, Jeremia asijue, na Mbuke ndiyo kabisa, wale ni wakwe. Choma barua hii. Keti kwenye sendofu yako ucheke na meno yote. Mimi kukosa kiti si kitu, nimezoea kusimama. Usiniharibie kazi ya miaka ishirini siku ya mwisho mwisho.

Na nani kakudanganya nisitake uniandikie? Ukikaa wiki mbili bila kuandika nitakuja na goti hili hili kukuchapa.

Mama yako mimi,
Tekla


Makambako, 14 Julai 1996

Shikamoo Mama,

Siku ile ulinituma nikafanya nilivyotaka. Na leo pia umeniagiza nami nimefanya nilivyotaka. Nisamehe hili la pili, la kwanza tutaliongea tukiwa pamoja.

Nimewaambia. Barua yako ilifika Ijumaa na Jumamosi jioni Jeremia alikuja. Shangazi alikuwa anamenya viazi jikoni, nikasimama mlangoni nikasema yote, kuanzia mate mpaka mwanasesere. Sikulia, sijui kwa nini. Shangazi aliendelea kumenya kile kiazi mpaka kikawa kidogo kama gololi. Halafu akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa namtukana nani?" Nikamwambia, mtu aliyekupa mimi. Akaacha kisu, akaenda kulala, hata mlango hakuufunga.

Jeremia alichukua ndoo akaenda bombani, akateka ndoo nne za maji ambazo hatukuwa na haja nazo, akazipanga ukutani. Nikajua nimeachwa. Aliporudi na ya nne akakaa chini karibu yangu, akauliza, "Alikuwa anapenda nini?" Nikasema kambale. Akasema, "Basi alikuwa shemeji yangu kweli." Ndipo nikalia.

Sijui mama mkwe atasemaje akisikia. Jeremia anasema amwambie yeye mwenyewe. Naogopa. Lakini naogopa kwa sauti sasa, si kwa siri, na hiyo ni nafuu yake.

Jumapili asubuhi shangazi alitoka chumbani na lile rundo la kadi ambazo hazijagawiwa. Akakaa na kalamu ya wino, moja baada ya nyingine, anakata jina lake. Nakuletea moja uione. Kamati wamekasirika, wanasema zimechafuka.

Uliuliza swali nami nikakimbilia kamusi. Nimelifikiri sasa bila kamusi. Siku ile ya treni ulinituma. Nimechelewa kurudi, basi.

Digna

Wifi Tekla. Digna kaniachia nafasi hii ndogo makusudi, anajua sina maneno. Nimekata jina kwenye kadi arobaini na sita, mkono unauma, na bado si adhabu ya kutosha. Kitenge cha bluu nakurudishia, kivae wewe, kiti ni chako. Mimi nitakaa nyuma yako nikushikie mkoba. Ila miaka ishirini niliyomlea usinikatie kwa kalamu. Hiyo niachie. Merina.


Mofu, 21 Julai 1996

Mwanangu Digna,

Kadi nimeipata. Imechafuka kweli. Familia ya Bibi Merina imepigwa mstari, pameandikwa Tekla, na pale chini Singo nayo imekatwa, juu yake pameandikwa "na wote atakaowabeba". Nimeibandika ukutani. Mwambie wifi miaka ishirini ni yake, hakuna kalamu inayofika huko. Na mkoba asinishikie, tutakaa naye benchi moja, kamati watafute benchi.

Nimekukasirikia siku mbili. Ya tatu nimelala mpaka jua limetoka, kitu ambacho sijakifanya tangu mwaka ule.

Jumatano Mbuke alikuja. Jeremia alikuwa amemwandikia. Alikaa, hakunywa maji, nikaona sasa limefika. Akasema, "Mkwe, twende unionyeshe lile gogo." Nikamwambia gogo lilishachukuliwa na maji zamani. Akasema, "Basi nionyeshe lilipokuwa." Tukaenda, mimi na goti langu, yeye na fimbo yake. Sikuwahi kufika pale tangu Anselim alipomtoa Vitus kwa mtumbwi. Mbuke alisimama, akanyunyiza maziwa kidogo majini, akasema maneno ya Kisukuma ambayo sikuyajua na sikumwuliza. Kama amesamehe au amepima tu kina cha maji, sijui. Njiani akasema, "Alhamisi tunapanda treni saa ngapi?"

Kwa hiyo tunakuja wawili, Alhamisi, kutoka Ifakara. Goti litakuja nyuma. Njoo stesheni na sweta mbili za ziada.

Bado nina hofu, nisikufiche. Sijui maneno ya kusema pale mbele. Sijui watu wa Mofu watatutazamaje, mimi na wewe, wakishasikia. Yawezekana nikalia kabla sijasimama. Ila nitakachofanya najua. Nikikushika mkono, kabla sijautia kwenye mkono wa Mbuke, nitatema mate sakafuni. Mwambie mwenye ukumbi mapema, asije akasema bibi wa bondeni hana adabu. Nami nitakuambia lile neno moja nililokuwa nawaambia wewe na mdogo wako. Miaka ishirini mate yangu nilikuwa nayameza.

Usiogope ukiyaona yapo pale chini. Si kama ya siku ile. Kassian anasema huko kwenu baridi ya Julai hata shuka linakaa kambani siku tatu na bado bichi.

Kwa hiyo nenda taratibu, mwanangu. Una muda.

Mama yako,
Tekla